Barua ya wazi kwa Mjomba: kwa nini nasimama na Hank Aaron

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wote wa nyumbani. Jumapili tulipozungumza kwa simu ulirudia hoja moja mara tatu: Barry Bonds ana homurani 762, Hank Aaron ana 755, basi mjadala wa nani mpigaji mkubwa kuliko wote umekwisha. Wewe ndiye uliyenifundisha besiboli, kwa hiyo sikutaka kubishana nawe kwa sauti. Nimeona ni heshima zaidi kukuandikia, na wengine wanaoupenda mchezo huu wakipenda wasome. Kwa wasioujua, homurani ni ule mpigo unaouvusha mpira juu ya ukuta wa uwanja, na mpigaji akavizunguka vituo vyote vinne pasipo mtu kumzuia.

Kama hesabu tupu ndiyo hakimu, Mjomba, basi hata Bonds hatoshi, kwa sababu Sadaharu Oh wa Yomiuri Giants ya Tokyo alistaafu mwaka 1980 akiwa na homurani 868. Najua utasema kwamba ligi ya Japani si sawa na ya Marekani. Ukisema hivyo, utakuwa umekubali mwenyewe kwamba idadi haisomwi peke yake, bali pamoja na mahali na wakati ilipopatikana.

Tumpime hivyo hivyo Babe Ruth, aliyeishikilia rekodi ya Marekani kabla ya Aaron. Mwaka 1920 alipiga homurani 54, nyingi kuliko za timu nzima yoyote nyingine katika ligi yake ya American, na hadi leo sioni mtu aliyewaacha wenzake mbali namna ile. Lakini zote 714 alizipiga katika ligi zilizowafungia mlango wachezaji weusi, hivyo hakuna msimu hata mmoja ambao alilazimika kukabiliana na warushaji (wanaomrushia mpigaji mpira) bora wa upande ule. Hapo ndipo ninapomkumbuka Josh Gibson, nyota wa ligi za weusi, ambaye alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla Jackie Robinson hajaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na kuufungua mlango ule kwa wachezaji weusi. Tunawapanga wapigaji wakubwa kwa safu, na katika safu hiyo kuna nafasi ambayo hatutaweza kuijaza kamwe.

Bonds simdharau. Mwaka 2004 warushaji walimwogopa hata wakampa kituo cha kwanza bure mara 232, na 120 kati ya hizo walifanya makusudi kabisa ili asipate nafasi ya kupiga. Aaron hakuwahi kutisha kiasi hicho. Hata hivyo, jina la Bonds lilitajwa katika sakata la dawa za kuongeza nguvu; yeye alikana kuzitumia kwa kujua, na hadi mwaka 2022 waandishi wa michezo walikuwa wamemnyima kura za kutosha kuingia Ukumbi wa Heshima, wanamoenziwa magwiji wa besiboli, kwa miaka 10 mfululizo.

Sasa mtazame Aaron. Hakufikisha homurani 50 katika msimu wowote. Mwaka wake mkubwa, 1971, alipiga 47. Alicheza misimu 23, na ukiziondoa homurani zote 755, bado anabaki na mipigo halali, ile inayomfikisha mpigaji kituoni salama, zaidi ya 3,000. Msimu wa 1973 aliumaliza akiwa na 713, moja tu nyuma ya Ruth, na mwaka huo alipokea barua zipatazo 930,000. Nyingi zilikuwa za kumtia moyo, lakini nyingine zilimtukana kwa rangi yake na kumtishia maisha. Alisubiri majira yote ya baridi akiwa na mzigo huo.

Aprili 4, 1974, katika mchezo wa kwanza wa msimu kule Cincinnati, alimfikia Ruth kwa mara ya kwanza alipolizungusha gongo lake. Siku nne baadaye, mbele ya watu wa Atlanta, aliupiga mpira aliorushiwa na Al Downing ukavuka ukuta wa kushoto, akampita Ruth. Vijana wawili weupe waliruka kutoka jukwaani wakamkimbilia, na mlinzi wake, aliyekuwa na bastola ndani ya mkoba wa darubini, alikuwa na sekunde chache tu za kuamua. Aliamua kutoitoa. Vijana wakampigapiga bega, wakatokomea, naye akaendelea kukimbia hadi kituo cha mwisho, ambako mama yake alimkumbatia kwa nguvu sana, asitake kumwachia.

Agosti 2007, Bonds alipopiga ya 756, sura ya Aaron ilitokea kwenye skrini ya uwanja wa San Francisco akimpongeza kwa maneno yaliyorekodiwa kabla. Mkanda huo upo, Mjomba. Nakuomba uutazame pamoja na ule wa 1974, kisha unipigie Jumapili ijayo uniambie kama bado unazihesabu zile saba za tofauti.

Ni mimi mpwa wako.