Marekani ya kwenye magazeti ya Ujerumani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hoja ya msomaji aliyeshauri kwamba anayetaka kuielewa Marekani bila ushabiki asome magazeti ya Ujerumani. Mimi naishi Hamburg, yaliko makao makuu ya jarida la Der Spiegel, na ushauri huo naupokea kwa tahadhari.

Wajerumani huipenda Marekani na kuinunia kwa zamu. Julai 2008 watu wapatao 200,000 walifurika katikati ya Berlin kumsikiliza Barack Obama, ambaye wakati huo alikuwa mgombea tu. Februari 2017 jalada la Der Spiegel lilimwonyesha Donald Trump ameshika kisu mkono mmoja, na mkono wa pili kichwa cha Sanamu ya Uhuru kinachochuruzika damu. (Mchoraji wake, Edel Rodriguez, ni Mmarekani mzaliwa wa Kuba.) Katuni sina ugomvi nayo, maana kazi yake ni kuchoma. Ninachokihofia ni habari inayopita bila kuhojiwa kwa kuwa inafanana na katuni.

Mwaka huohuo Claas Relotius, mwandishi wa jarida hilo aliyekuwa akimiminiwa tuzo, aliandika kuhusu Fergus Falls, mji mdogo wa jimbo la Minnesota, ili kuwaeleza Wajerumani ni watu wa namna gani waliompigia Trump kura. Alidai kwamba penye kuingilia mjini pana kibao cha kuwazuia Wamexico, na kwamba msimamizi wa shughuli za mji hajapata kuiona bahari. Kibao hakikuwapo, na msimamizi alikuwa na picha aliyopigwa ufukweni. Wakazi wawili waliuanika uongo huo hatua kwa hatua Desemba 2018, mwezi uleule jarida lilipokiri kwamba Relotius alikuwa akibuni habari, baada ya mwandishi mwenzake, Juan Moreno, kumfuatilia.

Der Spiegel lina idara nzima ya kuhakiki habari, tena yenye sifa, na Relotius alikaa Fergus Falls kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo haikuwa shida ya umbali wala ya uhaba wa wahakiki. Nadhani habari ilipita kwa sababu Hamburg ilikwisha kuamini kwamba Marekani ya mashambani iko hivyo.

Gazeti lako linapotafsiri habari za mji fulani wa Marekani kutoka vyombo vya Ujerumani, naomba liangalie pia gazeti la mji wenyewe limeandika nini, na pakiwa na tofauti, litueleze wasomaji.

Msomaji wako,
Hamburg, Ujerumani