Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Mzee Sensa

Familia ya marehemu baba yetu, mtakwimu mstaafu ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Sensa, inawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu alipoanza kuugua, alipofariki, hadi tulipompumzisha kijijini kwake, milimani Same. Siku tulipoanua matanga tulikubaliana tusitaje majina. Waliofika ni wengi, daftari la rambirambi lililowa mvua na kurasa nyingine hazisomeki, na marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kukosa usingizi kwa kuruka jina moja kwenye orodha. Kwa hiyo tutashukuru kwa makundi. Utakayejitafuta usijione, tuwie radhi. Umo.

Tuanze na madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi yote ile, na vijana waliojitokeza kuchangia damu hata bila kumjua. Majirani zetu Dar es Salaam, asanteni. Taarifa ilipotoka usiku, kabla hatujajua tuanzie wapi, turubai lilikuwa limeshafungwa na maji yameshajazwa kwenye mapipa. Mjumbe wa shina alishika daftari, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akasimamia kamati. Vijana wa msikiti wa jirani walikesha nasi siku zote, na sheikh alikuja kukaa kwenye mkeka pamoja na wazee wa usharika wetu. Akina mama wa jikoni hatuna la kuwalipa.

Usiku wa pili wa msiba watu walilala hadi barazani na kwenye korido. Mmoja wa wastaafu wenzake alisimama mlangoni, akatazama ile mikeka, akasema, "Ingekuwa leo ndiyo usiku wa sensa, kaya hii ingemaliza madodoso." Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mzee yule, na ninyi nyote mliotoka kwenye takwimu, wastaafu na mlio kazini, mnastahili shukrani za peke yake, maana mlitupa baba ambaye sisi wenyewe hatukumjua vizuri.

Vijana kadhaa walituuliza jina la Mzee Sensa lilitoka wapi. Baba alianza kama karani wa sensa mwaka 1967, akiwa ametoka shule hivi karibuni, katika sensa ya kwanza tangu Tanganyika na Zanzibar ziungane. Wenzake walipokea posho wakarudi kwenye shughuli zao. Yeye akaomba kazi ya kudumu kwenye idara ya takwimu, akapelekwa masomoni, akazungushwa mikoani, na akastaafu kwa umri wa lazima miaka michache baada ya sensa ya 2002. Sensa nne akiwa kazini, basi: 1967, 1978, 1988 na 2002. Ya 2012 na ya 2022 alihesabiwa nyumbani kama raia mwingine, na hilo hakulizoea kamwe.

Watu hudhani sensa ni ile siku moja ya Agosti ambayo karani anabisha hodi. Kwa baba kazi ilikuwa ramani, na ilianza miaka kabla. Nchi nzima inakatwa vipande vidogo, maeneo ya kuhesabia watu, kila kimoja cha kiasi ambacho karani mmoja atakimaliza, na mipaka yake lazima aione kwa macho: mto, njia ya ng'ombe, mwembe, ukuta wa shule. Kipande kikichorwa vibaya, kaya moja inahesabiwa mara mbili na nyingine haihesabiwi kabisa. Sensa aliyoisimulia kuliko zote ni ya 1978, kwa sababu katikati ilikuwa imepita Operesheni Vijiji. Watu walikuwa wamehamishwa, na ramani za zamani zilionyesha vijiji vilivyobaki miti na makaburi, huku vijiji vipya vyenye mamia ya kaya havimo. Walichora upya kwa miguu. Hesabu ikafanyika Agosti, na kufika mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka. Watu wa kaskazini ya mto Kagera, waliohesabiwa majumbani mwao wiki chache tu nyuma, walikuwa wamekimbia. Hapo ndipo masimulizi yake yalipokuwa yanakatika, anaomba chai.

Mlangoni kwa watu hakuuliza "mko wangapi?" Alisema swali hilo hujibiwa kwa heshima badala ya ukweli. Mzee atamjumlisha mwanawe aliye Tanga, atakisahau kichanga cha juzi, na mtoto mwenye ulemavu aliyefungiwa chumba cha nyuma hatatajwa. Wengine wanaamini kuhesabu watoto ni kuwaitia mkosi. Kwa hiyo aliuliza nani walilala hapa usiku ule wa sensa, kisha akaanza na mkuu wa kaya, akashuka mmoja mmoja: jina, uhusiano, jinsi, umri. Kwenye umri ndipo alipokaa sana. Kijiji kizima bibi wote wana miaka 70! Alikuwa akiwauliza kwa matukio. Uhuru ulikukuta umeshaolewa? Azimio la Arusha lilitangazwa ukiwa na watoto wangapi? Huyu wa kwanza alikuwa anatembea? Taratibu zile 70 zinakuwa 63, na bibi mwenyewe anafurahi kupunguziwa.

Dereva wake wa zamani alitusimulia msibani jambo ambalo hatukuwahi kulisikia nyumbani. Walikuwa kwenye dago la wavuvi, Ziwa Rukwa, kazi imekwisha na gari limeshapakiwa, baba akakataa kuondoka kwa sababu mitumbwi miwili haijarudi. Dereva akamwambia, mzee, hao ni watu wanne tu. Baba akamjibu, "Kawaambie hivyo wake zao." Wakalala pale pale, kwenye mchanga, hadi mitumbwi ikaingia asubuhi. Dereva alilisimulia akiwa bado na kinyongo kidogo cha ule usiku wa mbu, na sisi tukamwelewa, maana tulikuwa tunakiishi kinyongo hicho.

Tuseme kweli, kazi hiyo ilikuwa na gharama yake, na aliyeilipa ni mama. Katika miaka ya sensa baba hakuwepo miezi na miezi. Mdogo wetu wa tatu alizaliwa Agosti 1988, siku chache kabla ya sensa, baba akiwa mkoa mwingine anasimamia makarani. Mama alikuwa bado wodini usiku ule, kwa hiyo mtoto wa Mzee Sensa alihesabiwa hospitalini na karani mgeni, akiwa hata jina hajapewa. Baba aliporudi swali lake la kwanza lilikuwa kama waliandikwa wote wawili. Mama aliliweka swali hilo moyoni miaka 30 na zaidi, na alilitoa hadharani siku ya kumuaga, kanisa zima likacheka, naye akalia. Mama, sisi watoto wako tunakushukuru wewe kabla ya mtu yeyote.

Kuna waliotueleza kwamba angeweza kupanda cheo zaidi kama angekuwa mtu wa kusema ofisini. Inawezekana. Alikuwa mgumu wa maneno, na makarani wa sensa hula kiapo cha kutunza siri za wanaowahoji. Yeye alikitunza hata kwa mkewe. Alikuwa ameingia nyumba nyingi kuliko mtu yeyote tunayemjua, na hatukuwahi kumsikia akisema nyumba ya fulani ilikuwa na nini. Tukimbana tukiwa wadogo, alituambia tukamuulize mwenye nyumba.

Mwaka 2022 alikuwa tayari hatembei vizuri. Siku ya sensa, tarehe 23 Agosti, aliamka alfajiri, akavaa shati la kwendea kanisani, akatolewa kiti barazani. Karani, binti mdogo mwenye kishikwambi, alikuja mchana wa siku iliyofuata. Baba akamwuliza karatasi ziko wapi. Binti akamwonyesha kioo, jinsi kinavyokataa kwenda mbele ukiacha swali bila jibu. Baba akajaribu mwenyewe kuruka swali, mara mbili, kikamkatalia. Alicheka hadi akakohoa. Matokeo yalipotangazwa Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Oktoba, aliomba daftari lake, lile lenye ukurasa mmoja wa namba: milioni 12.3 ya 1967, milioni 17.5, milioni 23.1, milioni 34.4, milioni 44.9. Chini yake akaandika 61,741,120, herufi zikitetemeka, akaweka mkato mahali pake. Mjukuu aliyekuwa karibu alimwambia kwamba yeye yumo humo ndani. Baba akamwambia, "Wewe ni hiyo sifuri ya mwisho," na mtoto akanuna siku nzima.

Safari ya kwenda Same ilikuwa salama, tunamshukuru Mungu na madereva wa mabasi yote mawili, waliopanda ile barabara ya milimani usiku bila haraka. Wanakijiji walikuwa wameshachimba kaburi na kutandika kokoto pale penye utelezi. Makande yale ya alfajiri, watu wakiwa wametoka kwenye basi na baridi ile, yatasimuliwa muda mrefu Dar es Salaam. Tunamshukuru mchungaji, wazee wa usharika na kwaya zote tatu. Tunamshukuru pia mshereheshaji aliyebana hotuba za viongozi zisizidi dakika tano kila moja. Wawili hawakufurahi, lakini marehemu hakuwa mpenzi wa hotuba. Kwa waliotoka chuo cha takwimu Changanyikeni, walimu na wanafunzi, kuja kwenu kwa sare kulitugusa sana.

Kuhusu michango, mweka hazina wa kamati alisoma mapato na matumizi yote kwenye kikao, na nakala ipo kwa mwenyekiti wa mtaa kwa yeyote atakayetaka kuiona. Kilichobaki baada ya kulipa deni la hospitali amekabidhiwa mama.

Vitabu vyake vya takwimu tutavipeleka chuoni. Wapo waliouliza habari za ramani: hakuwa nazo, kila alichopewa na ofisi alikirudisha siku aliyostaafu, risiti tunazo. Mwenye deni alilomdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, aonane na kaka yetu mkubwa nyumbani, jioni yoyote isipokuwa Jumapili. Tarehe ya ibada ya shukrani itatangazwa usharikani.

Mwanawe wa pili, kwa niaba ya mama, watoto, wakwe na wajukuu.