Wajibu kwa jamii uanzie kwenye ankara

Ndugu Mhariri,

Makala yenu juu ya mafunzo ya maadili kwa mameneja imenigusa, kwa kuwa inahusu kazi niliyoifanya kwa miaka mingi. Mwandishi amezisifu kampuni zinazotenga fungu la kusaidia shule na hospitali, akawahimiza mameneja wengine waige. Sina ugomvi na msaada. Ninachokipinga ni kumfundisha meneja kwamba wajibu wake kwa jamii unaanza faida ikishahesabiwa. Unaanza mapema zaidi: anapopanga malengo ya watu wake, anapotia saini malipo, anapoletewa habari mbaya.

Niliongoza idara ya ununuzi katika kampuni ambayo sitaitaja. Mikataba yetu na wauzaji wadogo ilisema walipwe ndani ya siku 30. Agizo la ndani, ambalo halikuandikwa popote, lilikuwa tusilipe kabla ya siku 90, ili akiba ya fedha ionekane nono kila robo ya mwaka inapofungwa. Ankara zilirundikana mezani kwangu. Nilizoea majibu ya simu: iko kwa mhasibu, inasubiri saini, jaribu wiki ijayo. Mama mmoja aliyekuwa akitushonea sare za wafanyakazi alichoka na simu, akaja mwenyewe ofisini. Hakupaza sauti. Aliniambia mafundi wake wawili wameondoka kwa sababu hakuwa na cha kuwalipa, na kwamba cherehani zao zimekaa tu. Wiki hiyohiyo kampuni ilikabidhi hundi ya mfano, kubwa kama mlango, kwa kituo cha watoto yatima. Nilikuwa kwenye picha, nikipiga makofi. Kila nikiiona picha ile namkumbuka yule mama na naona aibu, kwa sababu sehemu ya ukarimu ule ilikuwa fedha yake.

Siku ile kama mngeniuliza iwapo mimi ni meneja mwadilifu, ningejibu ndiyo bila kusita. Sikuiba, sikupokea rushwa, na semina zote za maadili nilihudhuria. Dawa ya deni ni kulipa, kila mtu anaijua, lakini hakuna mkufunzi aliyewahi kuileta semina ile hadi kwenye faili la ankara. Wapo walioliona tatizo hili mapema. Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo mwaka 2011 kwamba malipo kati ya kampuni na kampuni yasipite siku 60, ila pale pande zote zimekubaliana waziwazi na makubaliano hayo hayamwonei mdai. Anayechelewesha anadaiwa na riba.

Mkanganyiko huu, wa kutenganisha wajibu kwa jamii na uendeshaji wa kila siku, umo hata kwenye sheria. India, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2013, inazitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu iliyopita kwa shughuli za jamii, na kanuni zake zilipotoka mwaka 2014 ziliondoa katika hesabu hiyo mambo ya uendeshaji wa kawaida wa biashara. Fedha nyingi zimefika kwenye elimu na afya kwa njia hiyo, na ni jambo jema. Lakini mwongozo wa kimataifa wa wajibu kwa jamii, ISO 26000, uliotolewa mwaka 2010, unalitazama suala hili kutoka upande mwingine kabisa: taasisi inawajibika kwa athari ambazo maamuzi na shughuli zake zinailetea jamii na mazingira. Kwa maana hiyo uendeshaji wa kawaida ndiyo kiini chenyewe. Mimi nasimama na tafsiri hii ya pili, na ningependa mameneja waanze nayo kabla ya kuonyeshwa namna ya kupanga bajeti ya misaada.

Tuchukue benki ya Wells Fargo ya Marekani. Ilikuwa na kanuni za maadili, mafunzo, hata simu ya siri ya kuripoti maovu. Ilikuwa pia na lengo kwamba kila mteja auziwe huduma nane. Wafanyakazi wa matawini walibanwa kila siku, na wengi, ili kuokoa ajira zao, wakafungua akaunti kwa majina ya wateja ambao hawakuziomba. Mambo yalipofichuka Septemba 2016, benki ilipigwa faini ya dola milioni 185 na ikasema imewafukuza watu wapatao 5,300. Baadhi ya waliowahi kuitumia ile simu ya siri walieleza kwamba walipoteza kazi baada ya kupiga. Uchunguzi uliofuata ulipandisha idadi ya akaunti zinazotiliwa shaka hadi takriban milioni 3.5. Watu elfu tano hawawi wezi wote kwa wakati mmoja kwa bahati mbaya. Kuna aliyekaa kwenye kiti chake akaandika namba nane, na wengine wengi waliokuwa wakiulizwa kila jioni wameifikia au hawajaifikia. Namba ile ilikuwa uamuzi wa kimaadili, ila haikuwahi kupita mezani kwa mtu yeyote kwa jina hilo.

Mfano wa pili ndio unaonikosesha usingizi, kwa sababu nilikuwa mnunuzi. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Watu walitolewa nje. Benki iliyokuwa ndani ya jengo iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi. Kesho yake asubuhi wafanyakazi wa viwanda vitano vya nguo waliamriwa kuingia, wengine kwa kutishiwa mishahara yao. Jengo likaanguka. Walikufa watu 1,134. Wakubwa wa viwanda vile wana hatia yao, wala siwatetei. Lakini walikuwa na oda za wanunuzi wa nje zenye tarehe zisizosogea, na mtu aliyeiandika tarehe ya kupokea mzigo alikaa maelfu ya kilomita kutoka pale, kwenye meza kama yangu, na huenda hakuwahi kujiuliza ufa ukitokea ni nani atakayethubutu kumpigia simu. Ndiyo maana naupenda mkataba wa usalama wa viwanda uliotiwa saini Mei mwaka uleule kati ya kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi: uliwabana wanunuzi kisheria, ukawataka wahakikishe masharti yao ya biashara yanawezesha matengenezo ya majengo kufanyika. Uligusa oda yenyewe.

Najua nitajibiwa kwa maneno ya Milton Friedman, mwanauchumi wa Marekani, kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida tu. Wanaomnukuu waisome sentensi ile hadi mwisho. Katika makala yake ya Septemba 1970 aliweka sharti: kufuata kanuni za mchezo, ushindani wa wazi, bila hila wala udanganyifu. Kumwahidi mtu siku 30 huku umeshaamua kumlipa baada ya 90 ni hila. Hata kwa kipimo hicho chepesi kuliko vyote nilikuwa nimeanguka.

Ombi langu kwa wanaoandaa mafunzo ni kwamba wawape mameneja mafaili ya kazi zao wenyewe. Kila mmoja aje na lengo alilowawekea watu wake mwaka huu, kisha aeleze mbele ya wenzake mtu aliyebanwa angelifikia kwa njia zipi mbaya. Aeleze mara ya mwisho aliyemletea habari mbaya alipata nini. Tunasema mjumbe hauawi, lakini maofisini anahamishwa idara au ananyimwa cheo, na wengine wanajifunza kunyamaza. Na afundishwe kuomba agizo baya liandikwe. Mimi nilichelewa kufanya hivyo. Siku nilipoomba lile agizo la siku 90 niletewe kwa barua pepe, barua haikuja, na malipo ya wauzaji wadogo yakaanza kutoka ndani ya siku 40. Kwa mafundi wawili wa yule mama nafasi ilikuwa imeshapita.

Nanyi pia, Mhariri, mna nafasi yenu. Mwandishi wenu akialikwa tena kwenye hafla ya kukabidhi hundi, amwulize meneja aliyeishika: ankara ya zamani kuliko zote ambayo kampuni yake haijailipa ina siku ngapi? Namba atakayopewa ichapwe chini ya picha.

Wako,
Meneja mstaafu wa ununuzi