Ganda la kinkina na chembe za sukari si dawa moja

Bwana Mhariri,

Mjadala wa tiba mbadala unaoendelea katika gazeti lenu umetia katika kapu moja vitu visivyofanana: dawa za mimea na homeopathia, yaani chembe za sukari zilizonyunyiziwa dawa iliyozimuliwa mno. Wanaozitetea huziita zote "za asili", wanaozipinga huziita zote uongo. Kwa mtu mwenye homa hapa Bukavu kosa hilo ni zito. Homeopathia haina kitu ndani; mimea ina kitu, ila hakuna aliyekipima.

Mfano tunao milimani kwetu. Kinkina, mti ambao ganda lake hutoa kwinini, dawa ya malaria, imelimwa Kivu tangu wakati wa ukoloni, na kwinini hutengenezwa humu mjini. Mwaka 1790 daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, alimeza ganda la kinkina akiwa mzima, akajisikia kama mwenye homa. Akaamua kwamba kinachomletea mtu mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Homeopathia ilianzia hapo. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa kwinini ndani ya ganda hilohilo, na tangu hapo ikawezekana kupima miligramu ngapi mgonjwa anapewa.

Homeopathia hutengenezwa hivi. Tone 1 la dawa iliyolowekwa kwenye alkoholi hutiwa katika matone 99 ya alkoholi au maji, chupa ikatikiswa kwa nguvu: hiyo ni 1 CH. Tone 1 la hapo katika mengine 99 ni 2 CH, na kuendelea. Mwishoni maji hayo hunyunyiziwa chembe za sukari. Kijitubu kinachoandikwa China rubra kinataja kinkina, si nchi ya China. Kikiwa 9 CH, ni sawa na kutia matone 10 hivi katika ziwa Kivu lote, lenye maji ya kilometa za ujazo zipatazo 500. Ukipita 12 CH, hakuna tumaini la kukuta hata molekuli moja ya kinkina, na 30 CH huuzwa kama dawa yenye nguvu zaidi. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti nyingi, na mwaka 2015 likasema halikuona ugonjwa hata mmoja ambao homeopathia imethibitika kuutibu. Ufaransa, inakotengenezwa kwa wingi, bima ya taifa iliacha kuilipia tangu Januari 1, 2021.

Mbona basi wapo wanaosema wamepona? Mafua huondoka yenyewe ndani ya wiki. Malaria nayo inadanganya: homa hupanda na kushuka, na mtu mzima aliyeumwa mara nyingi ana kinga kiasi, hivyo hupata nafuu huku vijidudu vikiwa bado damuni. Sifa inaenda kwa chembe za sukari. Mtoto wa chini ya miaka 5 hana kinga hiyo, na siku 2 za kungoja zinaweza kumfikisha kwenye degedege na upungufu wa damu.

Mimea ni habari nyingine, na hatukubali idharauliwe. Artemisinini, msingi wa dawa za malaria za leo, ilitolewa mwaka 1972 katika jani la artemizia na kundi la mtafiti Mchina Tu Youyou, aliyepewa Nobeli mwaka 2015. Lakini tazameni chai yake. Kipimo kinachosambazwa ni gramu 5 za majani makavu kwa lita 1 ya maji kwa siku, kwa siku 7. Jani zuri sana lina artemisinini ya asilimia 1 hivi, yaani miligramu 50 katika gramu hizo 5. Majani mengine hayafiki hata robo yake. Tena artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na damuni hupungua kwa nusu kila baada ya saa chache. Ndiyo maana vidonge vinaiunganisha na dawa ya pili inayokaa muda mrefu. Chai haina mwenzi huyo. Homa inashuka, vijidudu vichache vinabaki, na vinavyobaki ndivyo vigumu. Mwaka 2020 vijidudu vyenye dalili za kuizoea artemisinini vilitangazwa Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi. Mbu haonyeshi paspoti mpakani.

Kuchemsha ganda la kinkina nyumbani kuna hatari nyingine. Kiasi cha kwinini hubadilika kwa aina ya mti, umri wake na sehemu iliyobanduliwa. Bidoni moja inaweza kuwa hafifu na inayofuata kali. Ikizidi, masikio yanavuma, macho yanafifia, na sukari ya damu inashuka, hasa kwa mama mjamzito.

Kuhusu naturopathia, yaani tiba ya kuuacha mwili ujiponye kwa njia za asili, ushauri wake wa kula mboga, kulala vya kutosha na kutembea ni mzuri. Tunachokataa ni "kusafisha mwili" kwa lavema ya majani (maji ya majani yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) au dawa ya kuharisha kwa mtoto mwenye homa: inamwondolea maji ambayo tayari anayapoteza.

Mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu na dakika 15 hadi 20. Akipewa vidonge vya malaria vya artemether na lumefantrine vya miligramu 20/120, mtu mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 mara 6 kwa siku 3: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maana tumbo tupu halipokei lumefantrine vizuri. Akitapika ndani ya saa moja, arudie dozi. Aliyekwisha kunywa majani asifiche. Aje na chupa yenyewe kituoni.

Nanyi, Bwana Mhariri, mkipokea tangazo la "dawa ya asili", mdai liseme ni mmea gani, sehemu gani ya mmea, gramu ngapi, na kama ni chembe, CH ngapi.

Wauguzi na wafamasia wanne,
Kadutu, Bukavu