Kinunue siku unayokiona

Shangani, Mtwara
14 Mei

Shoga yangu Somoe,

Asalaam aleikum. Natumai wewe na wanao hamjambo, na bibi mguu umepata nafuu. Huku sote wazima. Mvua zimekatika, kusi imeanza kuvuma, na nguo sasa zinakauka siku hiyohiyo.

Barua yako nimeipata. Unataka kuanza kukusanya riwaya za vijana, na unauliza uanzie wapi wakati kila duka unaloingia hapo Lindi hakuna rafu iliyoandikwa hivyo. Hutaiona, shoga yangu. Riwaya ya vijana ya Kiswahili haina rafu yake. Imelala kati ya vitabu vya kiada, vya dini na vya watoto wadogo, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui kama anayo. Kwa hiyo kwanza ujifunze kuitambua. Ukishaitambua, inunue siku hiyohiyo. Vitabu vilivyo kwenye orodha ya shule vitachapwa tena na tena, lakini visivyo kwenye orodha huchapwa vichache, na vikiisha vimeisha. Ukisema utarudi korosho zikilipwa, utakuta mwenzio kakichukua, au mende wamekichukua.

Namna ya kuitambua: usitazame umri wa mhusika peke yake. Ziko hadithi tele za mtoto wa miaka 13 ambazo zimeandikwa ili akanywe tu. Mtoto anakosea, anaadhibiwa, anatubu, basi. Hayo ni mawaidha, yana mahali pake, lakini msomaji wa miaka 15 huyanusa tangu ukurasa wa pili na kukiweka kitabu chini. Wewe soma kurasa kumi za mwanzo na tano za mwisho, palepale umesimama, halafu jiulize: mambo yameonwa kwa macho ya nani, na mwishoni ni nani aliyeamua? Akitokea mwalimu, polisi au mjomba akamaliza kila kitu, kirudishe. Kijana akiamua mwenyewe, na uamuzi ule ukamgharimu, hicho ni chako. Wala usijali kuona mwisho mapema. Riwaya nzuri haiharibiki kwa hilo.

Kwa kipimo hicho utapata vitabu ambavyo hakuna anayeviita vya vijana. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea anasimulia kwa kinywa chake jinsi alivyotoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Au Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili. Wengi hudhani ni kitabu cha watu wazima kwa sababu mwandishi wake alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Lakini mfungue Yusuf mwenyewe: ana miaka 12, baba yake anamtoa kwa tajiri kufidia deni, na msafara wote wa kwenda bara tunauona kupitia macho yake. Mimi naiweka kwenye rafu ya vijana bila kusita.

Anza na vile vya orodha ya shule, kwa kuwa ni rahisi na vimejaa. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ina watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Takadini ya Ben Hanson ina mama anayekimbia kijiji ili mwanawe aliyezaliwa na ualbino asiuawe. Lakini hapa pana mtego. Sokoni kuna vitabu vya uchambuzi vinavyobeba jina lilelile la riwaya kwa herufi kubwa, na neno "uchambuzi" au "mwongozo" limejificha chini kwa herufi ndogo. Fungua katikati. Ukikuta vichwa kama "dhamira", "wahusika" na "matumizi ya lugha", hiyo si riwaya. Na ukinunua iliyotumika, chagua yenye maandishi ya penseli. Ya wino hayatoki, na ya kalamu ya kung'arisha hupenya hadi ukurasa wa nyuma.

Kisha jifunze kusoma ule ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina, ambao watu huuruka. "Toleo" na "chapa" si kitu kimoja. Toleo jipya maana yake maandishi yamebadilishwa. Chapa mpya ni maneno yaleyale yaliyopigwa tena mtambo. Kitabu kikisema Toleo la Kwanza, Chapa ya Sita, kimependwa, lakini hakijarekebishwa. Tazama na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Ikiwa na tarakimu 10, namba hiyo ilitolewa kabla ya 2007. Kuanzia Januari 2007 ni 13 na huanza na 978. Ukiruka hiyo 978, 9976 na 9987 ni za Tanzania, na 9966 ni ya Kenya. Hiyo husaidia sana kava likiwa limechanika na jina la mchapishaji limepotea. Kwenye vitabu vya Kiingereza utakuta mstari wa tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4 3. Ile ndogo kuliko zote ndiyo namba ya chapa, hapo ni ya tatu.

Kabla hujatoa hela, kipitie kitabu kwa kidole gumba, ukifuata namba za kurasa. Karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16 au 32, kisha mikunjo hiyo hupangwa. Makosa ya upangaji hutokea kwenye maungio, kwa hiyo simama kidogo kwenye 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, uendelee hivyo. Huko ndiko utakuta mkunjo umerudiwa mara mbili, umegeuzwa juu chini, au haupo kabisa. Kitabu chaweza kuwa kipya kabisa na kikakosa kurasa 33 hadi 48. Nakala za wizi nazo hujionyesha: kava limefifia, herufi zina ukungu pembeni, mistari imepinda kuelekea mgongoni, na nafasi ya pembezoni upande mmoja ni nyembamba kuliko mwingine. Usizinunue hata zikiwa nusu bei. Mwandishi hapati kitu, na gundi yake huachia mapema.

Kuhusu vya Kiingereza vya mtumba nitasema machache. Huja vimechanganyika, na hatari kubwa ni mfululizo: unanunua kitabu cha tatu cha hadithi ya vitabu vitano. Tafuta namba kwenye mgongo au orodha ya "vitabu vingine" mwanzoni. Ukiona nembo ya Printz kwenye kava, chukua. Ni tuzo ya Marekani ya vitabu vya vijana iliyoanza kutolewa mwaka 2000, na mara chache sana utajuta. Ya nyumbani ilikuwa Tuzo ya Burt, iliyoanzishwa hapa Tanzania mwaka 2008 kwa riwaya za vijana za Kiingereza za waandishi wetu. Hizo zitafute kwa bidii zaidi kuliko za Marekani, kwa sababu zikipotea hakuna kontena litakalozileta tena.

Sasa tuje kwenye kitu kitakachokutoa jasho: pwani yetu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 kwa siku nyingi, ukungu huota kwenye karatasi, na huku kwetu, toka masika mpaka yaishe, tunazidi hapo. Rafu isigusane na ukuta, acha sentimita 5 hewa ipite, na ubao wa chini uwe juu ya sakafu sentimita 15 au zaidi ili uone vijia vya udongo vya mchwa mapema. Mbao za mkongo au mninga mchwa huzisumbua kidogo kuliko nyingine. Vitabu visibanwe, kidole kipenye kati ya kimoja na kingine. Kukava kwa nailoni ni sawa, lakini usibandike kwa selotepu kwenye kava lenyewe wala usizibe pande zote, kwa kuwa unyevu ukiingia hautoki. Kunja nailoni kwa ndani, ubandike nailoni kwa nailoni.

Ukungu ukishaota, usiupanguse na kitambaa kibichi, utaupaka tu ukurasa mzima. Kisimamishe kitabu wima, kurasa zimeachana kama kipepeo, kivulini penye upepo au mbele ya feni, mpaka kikauke kabisa. Ndipo ukitoe nje, ujifunge kitambaa puani, uufagie kwa brashi laini kuelekea mbali nawe. Jua kali usilitumie. Hukausha upesi, ndiyo, lakini kava hupauka na kurasa hupinda. Kama kuna wadudu, kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, utoe hewa, ukiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, la sivyo mvuke utageuka maji kwenye kurasa zilizo baridi. Dawa ya nondo usiweke chumbani mnamolala watoto.

Na pini. Somoe, hapa nikuombe usome polepole. Riwaya nyingi fupi za Kiswahili, zile za kurasa 48 hadi 80, zimefungwa kwa pini mbili katikati. Chumvi ya bahari huzila pini hizo, kutu hushuka kwenye karatasi, na siku moja ukurasa wa katikati unabaki mkononi. Usingoje. Ukiona tu pini imekuwa ya kahawia, zitoe zote mbili. Fungua katikati kabisa, nyanyua miguu ya pini kwa ncha ya kisu mpaka isimame, kisha ivute kwa nje. Ukivuta bila kuinyoosha utararua karatasi.

Sasa shona. Chukua uzi mweupe wa pamba wa kufumia vitambaa, urefu mara mbili na nusu ya kitabu. Kitabu cha sentimita 21 kinataka uzi wa kama 55. Upitishe kwenye mshumaa mara mbili ili usifumuke. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene: moja katikati, na mawili kiasi cha sentimita 4 kutoka kila ncha. Usitumie matundu ya zamani ya pini, kutu imeshailegeza karatasi pale. Sogea hata sentimita moja. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa sentimita 8 ndani. Nje, panda tundu la juu, uingie ndani. Ndani, ruka katikati, ushuke mpaka tundu la chini, utoke nje. Rudi katikati, uingie ndani. Sasa una ncha mbili za uzi tundu la katikati na uzi mrefu unaopita juu yake: hakikisha ncha moja iko kushoto kwa uzi ule na nyingine kulia, kaza kwa kuvuta sambamba na mgongo, kisha funga fundo mara mbili juu yake. Ukivuta kwa kuelekea kwako badala ya sambamba na mgongo, uzi utaikata karatasi kama waya unavyokata sabuni. Kata mikia ibaki sentimita moja. Kitabu kilichoshonwa hivi hufunguka vizuri kuliko kilivyotoka kiwandani.

Vile vinene vilivyogundishwa mgongoni havishoneki hivyo. Kikiwa kipya, usikivunje mgongo kwa kukifungua ghafla katikati. Kilaze, fungua kurasa chache za mbele, ubonyeze kidogo, kisha chache za nyuma, hivyohivyo mpaka mkutane katikati. Ukurasa ukichomoka, mstari mwembamba wa gundi nyeupe ya maji kwenye ukingo, uurudishe, ufunge kitabu chini ya kitu kizito usiku kucha. Gundi ya unga wa ngano iache, mende huifuata.

Mwisho, daftari. Mpe kila kitabu namba, uandike tarehe ya kununua, bei, toleo na chapa, na sentensi mbili tu ulizoziwaza ulipomaliza kusoma, siku hiyohiyo, kabla hazijapoa. Ukurasa wa nyuma wa daftari uwe wa kuazimisha: jina, namba ya kitabu, siku ya kurudisha, wiki mbili. Azimisha, tena kwa wingi, maana riwaya za vijana zinataka vijana. Ila ukiwa na nakala moja tu ya kitabu ambacho hakichapwi tena, kisomwe hapohapo barazani kwako.

Nakutumia vitatu kwa basi la Ijumaa, nimevifunga kwa nailoni kabla ya boksi, na risiti ya mzigo nitakupigia picha. Kimoja kina pini zenye kutu, nimekuachia makusudi. Sindano na uzi viko ndani ya kava.

Nisalimie bibi, na watoto.

Wako,
Zuhura