Mamba wa kitabu cha Periplus ni kenge

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sentensi moja inayonukuliwa mara kwa mara katika historia ya pwani yetu. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., unakitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wengine husema ni Pemba na wengine Unguja au Mafia, na kueleza kwamba hamna wanyama wa mwitu humo isipokuwa mamba, nao hawamdhuru mtu. Msomaji akikutana na mamba wasiodhuru, huona mwandishi amebuni. Naamini anaonewa.

Neno alilolitumia ni krokodeilos, nalo halikuanza na mamba. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 K.K., anasema Wamisri walikuwa na jina lao, khampsa, na kwamba Wagiriki wa Ionia ndio waliomwita mnyama huyo krokodeilos, kwa kumwona amefanana na mijusi waliokaa kwao katika kuta za mawe. Wako wanaoligawa neno hilo kuwa kokoto na mnyoo, ingawa si wataalamu wote wanaokubali. Lililo wazi ni kwamba mjusi hakunyang'anywa jina lake: Herodotus huyo huyo, akiwataja wanyama wa Libya, anamweleza krokodeilos wa nchi kavu, mwenye urefu wa dhiraa 3 hivi, aliyefanana mno na mjusi, na Aristotle naye alimtenga wa mtoni na wa nchi kavu.

Dhiraa 3 zinakaribia mita moja na nusu, na huo ni urefu wa kenge. Wakazi wa kando ya mikoko ya Tudor wanamjua: maji yakipwa huambaa matopeni akitafuta kaa na mayai, ulimi wake wa panda ukitoka na kuingia, na ingawa kuku huwaonea, mtu akimsogelea hutimua mbio majini. Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Katika neno hili la Kigiriki wamo kwa haki yao.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu yanayofuata katika kitabu hicho ni maneno ya mtu anayeijua bahari. Anataja vyombo vilivyoshonwa, kama mitepe yetu ya zamani, mitumbwi ya gogo moja, na kasa wanaonaswa kwa mitego ya kusuka iliyotegwa milangoni mwa maji badala ya nyavu. Mvuvi wa madema atamwelewa bila mkalimani.

Kwa hiyo nawaomba waandishi na wafasiri wanaoinukuu sentensi hiyo, hasa katika vitabu vya shule, waandike kenge, au waliache neno krokodeilos lilivyo na kulifafanua pale pale.

Msomaji wako,
Mombasa