YAH: MALALAMIKO YA KUFANYWA MDHAMINI WA DENI NISILOLIJUA

Tanga,
17 Februari 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mikopo ya Simu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi si mteja wenu. Naanza na hilo kwa sababu nimewapigia simu mara tatu, na kila mara naulizwa namba ya mkopo. Sina namba ya mkopo. Sijawahi kupakua programu yenu. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nakaa Tanga, na deni pekee nililonalo ni la gunia la mkaa, ambalo mwenye mkaa mwenyewe hana haraka nalo.

Tarehe 3 Februari, saa mbili usiku, nilipokea ujumbe wenu: “Habari TICHA KISWA MPYA. Mtu wako wa karibu amekimbia na pesa zetu. Wewe ni mdhamini. Mwambie alipe leo kabla hatujachukua hatua.”

Hakuna anayeniita hivyo mdomoni. Lakini nilijua papo hapo jina hilo limetoka wapi. Ndivyo wanafunzi wangu wa zamani walivyonisevu kwenye simu zao, na hiyo “mpya” ni kwa sababu niliwahi kubadilisha laini. Kwa hiyo hamkuipata namba yangu kwenye fomu ya udhamini. Mmeichota ndani ya simu ya mtu, pamoja na jina alilonipachika.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili kasoro robo, nikiwa bado niko juu ya mswala, akanipigia binti wa kwenu. Nikamuuliza nilisaini lini huo udhamini. Akajibu, “Mfumo unaonyesha, mama.” Nikamwambia mfumo hauna kalamu. Akakata simu. Tangu siku hiyo hadi leo nimehesabu simu kumi na tisa na ujumbe kumi na mmoja.

Mkopaji nimempata. Ni fundi pikipiki, nilimfundisha kidato cha pili. Alikuja kwangu mikono ina grisi, akanikabidhi simu bila ubishi. Aliomba shilingi 100,000, ikaingia 72,000, nyingine mkaikata mnachokiita ada ya huduma. Baada ya siku saba akatakiwa kurudisha laki nzima na riba juu yake. Amelipa 60,000, imebaki nyingine. Sitetei asilipe. Nilimgombeza mbele ya wajukuu zangu, kwanza kwa kukopa kausha damu ili anunue simu ya pili, halafu kwa kubonyeza “Nakubali” bila kusoma hata mstari mmoja. Kukopa harusi, kulipa matanga, hilo analijua sasa. Ila mimi harusini sikuwepo.

Nikavaa miwani nikayasoma hayo masharti badala yake. Yote ni Kiingereza, maandishi madogo kama mayai ya chawa, wakati matangazo yenu yote ni Kiswahili kitamu. Kwa hiyo mnajua fika wateja wenu wanaelewa lugha gani. Kipengele kimoja kinasema mtumiaji anairuhusu kampuni isome orodha ya namba zake zote na kuwasiliana na watu wake wa karibu pale inapobidi. Kinachofuata ndicho kilichonifanya niweke chai chini. Kinasema mtumiaji anathibitisha kwamba amepata ridhaa ya kila mtu aliyemo kwenye orodha hiyo.

Kijana ana namba 412. Nilimuuliza alipita lini nyumba kwa nyumba kuomba ridhaa. Alicheka kwa aibu. Na ninyi mnajua hakupita, hakuna apitaye. Mliandika sentensi hiyo ili siku mtu kama mimi akilalamika, mseme kosa ni la mteja. Wajibu wa mtumiaji naukubali: atoe taarifa za kweli, atunze namba yake ya siri, alipe anachodaiwa. Lakini namba yangu si mali yake hata aigawe. Aliyebonyeza “Nakubali” alijikubalia mwenyewe.

Mimi ni mtu mzima, nimezoea kelele, nimefundisha darasa la watoto themanini. Kilichoniudhi kuliko vyote ni Mzee wa Pongwe. Kijana alikuwa amepeleka barua ya posa mwezi wa kwanza, na baba wa binti akasevu naye namba, wakawa wanapigiana simu za heshima. Naye mkamtumia ujumbe ule ule, kwamba mtu wake wa karibu ni tapeli aliyekimbia. Kijana hajakimbia popote, gereji yake iko palepale chini ya mwembe. Mzee ameirudisha barua. Hakusema neno, aliituma tu kwa mtoto, ikiwa imekunjwa vilevile. Hiyo shilingi 40,000 na riba yake vinaweza kulipwa mwisho wa mwezi. Hili lingine mtalilipa kwa nini?

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tangu Mei 2023. Taarifa za mtu zinakusanywa kwa sababu halali, na mwenyewe anapaswa kuijua sababu hiyo. Mimi sikuambiwa lolote. Tena tangu 31 Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kusoma orodha ya namba wala picha za mtumiaji. Nilipomuuliza kijana aliipata wapi ya kwenu, akasema alitumiwa kiungo kwa WhatsApp. Hapo nikaelewa: haikutoka Play Store, kwa hiyo katazo hilo halikuizuia. Na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Nimeipitia orodha ile, jina lenu sikuliona. Hata hivyo, namba ya leseni yenu sijaiona popote pia, si kwenye programu wala kwenye ujumbe.

Kwa hiyo naomba mnitumie kwa maandishi namba hiyo ya leseni, na maelezo ya jinsi mlivyoipata namba yangu ya simu. Muifute namba hiyo kwenye mfumo wenu pamoja na za wengine wote mlizozichota kwenye simu ile. Na kila mliyemwambia kijana amekimbia, mumtumie ujumbe wa kukanusha na kuomba radhi, mkianza na Pongwe. Deni mlidai kwa aliyekopa, mchana, kwa lugha ya staha. Masharti yenu yenyewe yanamkataza mteja kuwatolea lugha chafu wafanyakazi wenu, basi na iwe hivyo pande zote mbili.

Nawapa siku kumi na nne. Ikifika tarehe 3 Machi sijapata jibu, barua hii pamoja na picha za ujumbe wote kumi na mmoja nitaipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Benki Kuu ya Tanzania. Msinijibu kwa simu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu
(kwenye mfumo wenu: TICHA KISWA MPYA)

Nakala: Mzee wa Pongwe, kwa taarifa.